Turubai Kati ya Mkwe na Mama Mkwe

Kabla hujashika chaki, uliza nani ni mkwe wa nani. Hilo ndilo somo la kwanza, vijana wangu, na halimo kwenye hizo tableti mlizopewa za kufundishia watu wazima. Nimeangalia. Mjukuu wangu alinifungulia moja, nikapitisha kidole mpaka kikachoka. Niliona herufi zinazocheza, nikaona mama anayecheka na kitabu, lakini wakwe sikuwaona popote.

Kila mara mnaniomba nije niwaeleze habari za ngumbaru, na nikifika mnanisalimia "niaje, Mwalimu" kama tulichunga ng'ombe pamoja. Haya, leo nimekuja. Na wewe wa nyuma, toa hizo waya masikioni. Nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika tangu nikiwa na meno yote, Bungoma kwanza, halafu Kitale nilikoolewa. Ilikuwa kazi ya kujitolea. Nililipwa ndizi, mayai, na mara moja jogoo ambaye alinichukia mpaka siku tuliyomla. Sijuti kitu, isipokuwa jogoo alikuwa mgumu.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja wa Mabanga, Mwalimu Simiyu, mtu mwembamba aliyekuwa na koti moja la kaki na maneno machache. Aliniambia, "Nasimiyu, mtoto ukimwaibisha leo, kesho atarudi, kwa sababu mamake atamfukuza nyumbani. Mtu mzima ukimwaibisha mara moja, mtaonana kwenye mazishi yake."

Mengine aliyonifundisha yalikuwa madogo madogo. Usiseme mtu hajui kusoma kabla hujampa miwani. Tulikuwa na moja darasani, mguu wake umefungwa uzi, na ilizunguka pua kwa pua. Nunua vichongeo vingi, maana mkono uliozoea jembe hukaba penseli mpaka inalia. Na usimkalishe mzee kwenye kiti cha watoto wa nasari. Kule Myanga niliwahi kumwita mzee mmoja ubaoni, akainuka, na kiti kikainuka naye. Alitembea nacho mpaka ubaoni, akaandika jina lake lote, akarudi nacho. Hakuna aliyecheka mpaka alipofika nyumbani, na nasikia hata huko aliyecheka ni mkewe tu.

Jambo lingine ni kusoma kwa sauti. Kwa Mwalimu Simiyu kila mtu alisoma kwa sauti, kidole chini ya neno. "Ukisoma kimya nitajuaje kama hulali?" ndivyo alivyosema. Nami nikalibeba hilo mpaka Kitale bila kulihoji. Likumbukeni, tutalirudia.

Kitale darasa langu lilikuwa kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Jumanne wanawake, Alhamisi wanaume. Jumanne moja akaingia mama wa miaka sitini na kitu, magoti mabovu, fimbo mkononi, akaketi benchi la mbele bila kukaribishwa. Alikuwa ametoka kwake Lwakhakha kuja kukaa na mwanawe wa kiume ili atibiwe hayo magoti. Aliitwa Naliaka, na kwa kuwa Wabukusu nyanya tunamwita kukhu, darasa zima likamwita Kukhu Naliaka. Hakuna aliyethubutu kumwita vingine.

"Mimi sitaki kusoma Biblia," akaniambia. "Hiyo nasomewa Jumapili. Mimi nataka kuandika barua moja. Moja tu. Nikimaliza, penseli yako nitakurudishia."

"Barua ya nani, Kukhu?"

"Ya mkwe yangu. Nilimkosea."

Akanieleza pale pale, mbele ya wote, kwa sauti kavu ya mtu anayetaja bei ya sukuma wiki. Binti yake Nekesa alikuwa ameolewa, akaugua wakati wa mvua, akafa. Siku ya matanga Kukhu alisimama mbele ya watu akasema mume wa Nekesa ndiye aliyemuua, ati alikaa naye nyumbani badala ya kumpeleka hospitali. Wiki hiyo hiyo akaja kujua ukweli. Barabara ilikuwa imekatika kwa matope, hakuna gari lililoweza kupita, na yule mwanamume alimbeba mkewe mgongoni kutoka nyumbani mpaka barabara ya lami. Kukhu alijua, na akanyamaza miaka saba.

Nyinyi mtauliza, si angemwambia tu? Nyinyi mnapiga selfi na mama wakwe zenu, mnawakumbatia kwenye harusi mpaka mimi nageuza uso. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Lakini heshima hiyo ina shida yake: kila neno lazima libebwe na mtu wa kati.

"Si ungetuma mtu, Kukhu?" nikauliza.

"Nilituma ndugu yake. Alienda akamwambia ati mimi namsamehe. Mimi namsamehe yeye. Unaona?"

"Na wajukuu wako si wako shule? Wangekuandikia."

Akaelekeza fimbo yake kwangu. "Nimpe mtoto aandike ati nyanya aliita babako muuaji? Wewe mwalimu, uko na akili kweli?"

Sikuuliza tena. Alikuwa na muda mpaka mavuno. Mahindi yakishavunwa, mwanawe angemrudisha Lwakhakha, na huko hakukuwa na ngumbaru. Tukaanza na a.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kila Jumanne alikuja akilalamika kuhusu unga. Alikuwa anapeleka mahindi yake kwa bodaboda mpaka kinu cha mbali huko sokoni, na unga ulirudi na mchanga. "Meno yenyewe ni manne, Mwalimu, na huyo mtu anayamaliza." Nikamwambia kuna kinu kizuri hapo karibu, hatua chache kutoka kwa mwanawe. Akasema tuendelee na masomo.

Mwenye hicho kinu cha karibu alikuwa mwanafunzi wangu wa Alhamisi. Baba Sikuku, mjane wa kiume, mtu mkubwa, mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka viatu. Kwa kuwa alishinda kando ya mashine, alijua sauti moja tu, ile ya kushindana na injini. Alikuja ngumbaru kwa sababu wateja walikuwa wameanza kuandika majina kwenye madebe yao na yeye hakuweza kuyasoma. Alikuwa amempa mke wa mchungaji kimera cha mama mmoja anayepika pombe ya busaa, na nyumba ya mchungaji ikanywa uji wa furaha wiki nzima kabla mtu hajauliza.

Sasa, wakati wa palizi watu wote wako shambani. Jumanne nikawa na wanawake watano, Alhamisi wanaume wanne. Nikajiona mjanja, nikaunganisha madarasa. Nikatangaza kanisani kwamba Jumanne ijayo tunasoma pamoja, na zaidi ya hayo tutasoma wawili wawili, mmoja anasoma na mwenzake anafuatilia. Niliipenda hiyo mbinu, nilikuwa nimeiota mwenyewe. Waliotangaziwa walinyamaza, nami nikadhani wameipenda pia. Kukhu na Baba Sikuku hawakuwa kanisani siku hiyo, yeye kwa magoti, mwenzake kwa mashine. Wote wawili walipata habari kwamba darasa ni Jumanne, na hawakupata zaidi ya hapo.

Jumanne Kukhu akaja mapema, akaketi benchi lake. Wengine wakajaa. Baba Sikuku alichelewa, akaingia na unga wake akisema "hamjambo" ya kutikisa mabati, na mimi, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, nikasema, "Karibu, Baba Sikuku. Keti hapo na Kukhu Naliaka, msome pamoja."

Kukhu akavuta leso akajifunika kichwa chote, akateremka chini ya meza kwa magoti ambayo yalikuwa hayajakunjika tangu Krismasi. Baba Sikuku akageuka. Mlangoni walikuwa wamesimama akina mama wawili na mtoto mgongoni. Akaona dirisha. Vijana, lile dirisha lilikuwa la mtu wa wastani. Kichwa kilipita, mabega yakapita, halafu tumbo likakataa. Akabaki hapo, nusu yuko kwa Mungu wake nje, nusu yuko darasani kwangu, na hiyo nusu ya darasani ndiyo ambayo mama mkwe hapaswi kuiona mpaka dunia iishe.

Tulimsukuma. Nasema ukweli, mimi na wanaume watatu tulimsukuma, na suruali ikaacha kipande kwenye chuma cha dirisha. Chini ya meza Kukhu alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa nguvu, wimbo wa mazishi.

Alipotoka, nikageukia darasa. "Hakuna mtu angeniambia?"

Mama Chebet, mkulima wa viazi ambaye alikuwa kiranja wangu, akasema pole pole, "Mwalimu, tulidhani unajua. Tulidhani ni mbinu mpya."

Basi hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mtu wa barua alikuwa Baba Sikuku, na kwa nini Kukhu alikula mchanga muda wote huo aliokaa kwa mwanawe.

Wote wawili wakapotea. Wiki mbili. Nikamkumbuka Mwalimu Simiyu na yale maneno ya mazishi, nikaona aibu kweli, aibu ya kunikosesha usingizi. Mwanafunzi mtu mzima akipotea, usimtumie meseji. Mfuate. Nilienda kwanza kwa Kukhu, nikamkuta anapepeta maharagwe.

"Nimeona suruali ya mkwe yangu, Mwalimu. Nyuma. Sasa nitaandika nini tena?"

"Utaandika ile ile. Barua haijui ulichoona."

Akaendelea kupepeta, lakini hakunifukuza. Nikaenda kwenye kinu. Baba Sikuku aliponiona akawasha mashine, na haikuwa na mahindi ndani. Tukapigiana kelele juu ya mngurumo wake.

"Mama aliniona?"

"Alijifunika leso."

"Macho yote?"

"Yote mawili," nikasema. Huo ni uongo wa kazi, na ninaurudia hapa bila kutubu. Akazima mashine.

Wiki iliyofuata nikaazima turubai la kanisa, lile la kuanikia mahindi, nikafunga kamba kutoka ukuta mpaka katikati ya ubao. Wanaume kulia kwa mlango wao, wanawake kushoto kwa mlango wa pembeni, ambao siku ya dirisha ulikuwa na kufuli. Ubao nusu huku, nusu huku. Mimi nikawa nazunguka nje ya jengo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa mvua na jua, na sijawahi kuwa na afya kama mwaka ule. Wakarudi wote wawili, na wakawa wa kwanza kufika, kila mmoja upande wake.

Ikawa Baba Sikuku akisoma, upande wa pili Kukhu ananyamaza, kichwa kimeinama, anafuata na kidole. Akiruka mstari, Kukhu anagonga meza mara moja na fimbo. Baba Sikuku anasimama, anatafuta, anarudia. Hakuna aliyemwambia aitikie fimbo. Hakuna sheria ya wazee iliyokataza kugonga meza. Mimi niliyaona hayo nikizunguka, nikakaa kimya, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Mahindi yalipoanza kukauka, Kukhu akaniletea barua. Ukurasa mmoja, penseli imekaza mpaka karatasi ina matuta nyuma. Wiki tatu alikuwa ameiandika. Na mimi, kwa mazoea tu, vijana, kwa mazoea ya mkono, nikachukua kalamu nyekundu. Nikarekebisha hapa, nikaongeza hapa, pale aliposema mara mbili nikafuta moja. Nikamrudishia nikitabasamu. Nilikuwa hata nimempa tiki.

Akaitazama. "Hii si barua yangu tena," akasema. "Hii ni yako. Sasa ni wewe mtu wa kati."

Akaikunja ndogo, akaiweka kwenye moto wa chai ya darasa. Kesho yake akaanza upya kutoka mwanzo. Tangu siku hiyo sijamiliki kalamu nyekundu, na nikiona mmoja wenu anayo nitaivunja. Insha sahihisha. Kitu ambacho mtu ametoa moyoni, pokea kama kilivyo.

Mavuno yakafika kabla hajamaliza. Wakaja kuchukua turubai, maana mahindi ya kanisa yalikuwa yamelala chini na wingu limejaa mlima Elgon. Huwezi kubishana na mtu mwenye mahindi chini. Magunia ambayo ningetundika badala yake nayo yalikuwa yameenda shambani. Na Kukhu akanipa habari: mwanawe ameshapata gari, Jumamosi wanaenda Lwakhakha. Ilikuwa Jumanne. "Nimebakisha mistari miwili," akasema.

Nikaingia chumba cha kwaya, nikatoka na majoho yote ya buluu, nikayatundika kwenye kamba bega kwa bega. Mwalimu wa kwaya hajanisalimia vizuri mpaka leo. Darasa likaonekana kama kuna kwaya imesimama katikati bila vichwa. Kwa kuwa majoho yalikuwa na nafasi nafasi, nikawageuza wanaume wote waangalie ukuta.

Kukhu akamaliza mistari yake. Nikanyoosha mkono nipeleke. "Wewe hapana," akasema. Akaiweka barua sakafuni, akachukua rula ndefu ya ubaoni, akaisukuma chini ya majoho mpaka ikagusa kiatu cha Baba Sikuku.

Akainama, akaiokota. Akaona jina lake juu. Na sasa ndipo mkumbuke nilichowaambia. Yule mtu hakujua kusoma kimya. Hakuna hata mmoja darasani mle aliyejua, kwa sababu sikuwafundisha. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akafungua sauti ya kinu.

"Ba-ba Si-ku-ku. Ni mimi mama ya Nekesa."

Nilikimbia kuzunguka jengo nimnyamazishe. Nikafika mlangoni nikihema, nikamwashiria kwa mkono ashushe sauti. Akadhani namkumbusha kidole, akakibandika vizuri zaidi, akaendelea.

"Siku ya matanga nilisema wewe uliua yeye. Nilisema uongo. U-li-mbe-ba. Ulimbeba kwa mgongo mpaka lami."

Hapo akakwama. Neno alikuwa amelisoma sawa, lakini hakuendelea. Upande wa pili, fimbo ikagonga meza mara moja, pole sana. Akatafuta mstari, akarudi.

"Nilijua. Nilinyamaza miaka saba. Ndugu yako alisema nakusamehe. Alisema vibaya. Ni wewe unisamehe mimi. Hii nimeandika na mkono yangu."

Nililia, nawaambia bila haya. Wanaume walikuwa wanaangalia ukuta kama wamepata kazi ya kuulinda. Nikafikiri, nimemwaibisha mtu mzima mbele ya kijiji kizima, sasa kweli tutaonana mazishini. Halafu nikakumbuka kwamba maneno ya matanga nayo yalisemwa mbele ya kijiji kizima.

Baba Sikuku akageuza karatasi. Akaomba penseli kwa mkono. Akaandika. Penseli ikavunjika, akapewa nyingine. Alichukua muda ambao chai ilichemka ikapoa. Halafu akaiweka chini, akaisukuma na kiatu, ikapita chini ya majoho na alama ya unga juu yake.

Kukhu akaomba miwani, ile ya mguu wa uzi. Akaivaa. Akaweka kidole. Naye pia hakujua kusoma kimya.

"Ma-ma. Le-ta ma-hi-ndi."

Akaisoma tena, haraka kidogo. Mama Chebet akaanza kucheka, halafu mwingine, halafu upande wa wanaume kukatoka kicheko kimoja kikubwa cha kushindana na injini. Kukhu hakucheka. Alifunga karatasi kwenye pembe ya leso, akapiga mafundo mawili, akafuta miwani, akaipitisha kwa jirani. "Mwalimu," akasema, "tuendelee na masomo."

Penseli yangu hakunirudishia. Jumanne iliyofuata nilikuta debe la mahindi chini ya joho la katikati, limeandikwa NALIAKA kwa makaa, herufi kubwa zilizosimama vizuri. Wiki moja baadaye lilikuwa mahali pale pale, limejaa unga laini, hauna hata chembe ya mchanga.

Kusoma kimya nilianza kufundisha mwaka uliofuata, maana vitabu vinasema hivyo. Na Kukhu Naliaka hakurudi Lwakhakha Jumamosi ile, wala mwaka ule wote. Nilipomuuliza, akaniambia ni magoti.